Kipupwe cha gari: Bosi, umemuuliza fundi anamimina oili gani?

Mpenzi msomaji, wiki hii sina habari za nani kamwacha nani. Nina habari za kipupwe. Nasema kile cha kwenye gari, unachokifungulia saa nane mchana mwezi wa Februari, foleni ya Dar imesimama, shati limeganda mgongoni na muuza maji anagonga kioo.

Zamani kiyoyozi kwenye gari kilikuwa mambo ya mabosi na wazungu wa miradi. Siku hizi hata kale kagari kadogo kanakoshushwa bandarini kutoka Japani kanacho. Balaa ni kwamba magari yamebadilika, lakini mafundi wetu wengi bado ni wale wale wa "bosi, lete hela ya gesi, dakika kumi tu unaondoka na baridi yako."

Dakika kumi hizo zimemliza jamaa yangu mmoja. Jamaa ana gari la haibridi, yale yanayokwenda kwa petroli na betri kwa pamoja. Baridi ikapungua, akaenda gereji moja ambayo jina naliweka kapuni. Fundi akabadilisha mpira uliokuwa unavujisha, akamimina "oili ya AC" kutoka kwenye kopo lake la siku zote, akajaza gesi. Baridi ikarudi, jamaa akafurahi na kuacha hela ya soda. Wiki haijaisha, asubuhi anabonyeza kitufe cha kuwasha, gari linamtazama tu! Taa nyekundu kwenye dashibodi, haliendi mbele wala nyuma. Mtaa mzima ukasema betri imekufa. Kumbe oili!

Ngoja nikueleze. Kwenye gari la kawaida, kompresa huzungushwa na mkanda kutoka kwenye injini. Injini ikizima, baridi nayo kwaheri. Mwaka 2003 Toyota walipotoa Prius ya pili wakaja na jipya: kompresa yenye mota yake ya umeme humo humo ndani, inayokula umeme wa betri kubwa, zaidi ya volti 200. Ukisimama kwenye taa nyekundu injini inazima, lakini wewe unaendelea kupulizwa. Raha tupu, si mchezo.

Sasa sikia. Mota ile haikukaa pembeni. Nyaya zake zinaogeshwa na gesi na oili muda wote. Kwa hiyo oili yake lazima iwe isiyopitisha umeme, na Toyota wenyewe wanataka inayoitwa ND-11. Ile ya magari ya kawaida, PAG, inapenda kunyonya unyevu na inapitisha umeme. Ikiingia humo, hata kidogo, umeme unaanza kuvujia kwenye bodi. Kompyuta ya gari ikigundua, inawasha taa ya hatari na inaweza kugoma kabisa kuwaka ili watu wasipigwe shoti. Na oili hiyo ikishasambaa, kuitoa yote ni kasheshe. Mara nyingi unaambiwa ubadilishe kompresa, kondensa na hata evaporeta, na evaporeta inakaa nyuma ya dashibodi. Dashibodi yote ing'olewe kwa sababu ya vijiko viwili vya oili! (Zile nyaya za rangi ya chungwa chini ya boneti nazo si za kushikwa na kila mwenye spana. Zinaua.)

Wala si mara ya kwanza mambo haya kutupiga chenga. Magari ya zamani yalitumia gesi ya R-12. Mwaka 1974 wanasayansi Molina na Rowland wakaonyesha kuwa gesi za ukoo huo zinapanda juu na kuila ozoni inayotukinga na jua. Mwaka 1987 dunia ikasaini mkataba kule Montreal wa kuziondoa, na miaka ya 90 magari mapya yakahamia R-134a. Gesi mpya ikakataa kuelewana na oili ya zamani. Haikuweza kuibeba, oili ikabaki imejificha pembeni huku kompresa ikizunguka kavu mpaka inakwama. Ndipo PAG ikashika hatamu.

Si oili tu. Gesi hiyo ilikuwa inapenya kwenye mipira ya kawaida, ikabidi mipira ivishwe utando wa nailoni kwa ndani. Presha yake nayo iko juu, kwa hiyo kondensa, ile inayokaa mbele ya rejeta, ikafumuliwa. Badala ya bomba moja refu lililojikunja kama nyoka, wakaweka vibomba bapa vingi vya alumini ambavyo gesi inavipitia kwa pamoja. Inapoza vizuri sana, lakini njia zake ni nyembamba mno. Kompresa ikisagika na vumbi la chuma likaingia humo, usikubali kuambiwa "tutaosha na petroli, itakaa sawa." Haioshiki.

Halafu kuna wale wa gesi ya jikoni. Jamani! Eti inapoza kuliko gesi yenyewe. Ni kweli inapoza, lakini evaporeta iko mbele ya magoti yako. Ikipata tundu, gesi inaingia ulipo na watoto, na cheche moja ya waya inatosha. R-134a haiwaki kirahisi namna hiyo. Gesi mpya ya magari ya Ulaya, R-1234yf, inaweza kuwaka kidogo, lakini magari yake yametengenezwa kwa kulijua hilo, na vichwa vya kujazia ni tofauti ili usiingize gesi nyingine kwa bahati mbaya.

Kwa hiyo fundi akishafungua boneti, mwambie asome ile karatasi ya kiwandani iliyobandikwa humo. Imeandikwa aina ya gesi na gramu zake, na gari dogo mara nyingi halifiki hata nusu kilo na ushee. Asiye na mizani anajuaje ameweka ngapi? Ikizidi, presha inapanda, baridi inapungua na kompresa inaumia. Na kabla ya kujaza lazima avute hewa yote kwa mashine, maana unyevu ukibaki ndani unazaa kutu.

Jamaa yangu amepata fundi mwingine, kijana mdogo tu. Kavaa glavu za mpira, kazima betri kubwa kwanza, kasubiri, kisha akapima gesi kwenye mizani kama muuza dagaa. Akauliza kitu kimoja tu: "Mzee, hii oili ya kwanza nani alikuwekea?" Jamaa akajifanya anaongea na simu.