TAMKO LA TAWI: TUHESABU MITUNGI INAYOJAZWA TENA, SI MITUNGI ILIYOGAWIWA

Ndugu wanachama, wapenzi wa Chama na wananchi wote wa mtaa wetu,



Kamati ya Tawi imepokea maswali mengi tangu isikike kwamba mtaa wetu utapata mgawo wa mitungi ya gesi ya kilo 6. Wapo waliouliza majina yanaandikwa wapi. Wapo ndugu zetu wauza mkaa waliouliza kama Chama kimeamua kuwafukuza kijiweni. Na wapo vijana waliouliza kwa nini tuhangaike na mabadiliko ya tabianchi wakati moshi mwingi umetoka kwenye viwanda vya wakubwa. Ni maswali ya haki. Tunayajibu yote hapa, ili asiwepo wa kusema tawi lilikaa kimya.

*Msimamo wetu kwa ufupi*

Tunaunga mkono nishati safi ya kupikia kwa asilimia mia. Mgawo wa mitungi tunaupokea. Lakini tunataka mafanikio yake yapimwe kwa idadi ya kaya zitakazojaza gesi mara ya pili, ya tatu na ya nne. Mtungi uliogawiwa, ukapigwa picha, ukaisha, kisha ukageuzwa kigoda cha kukalia jikoni, huo kwenye daftari la tawi hili utaandikwa sifuri.

*Kwa nini jambo hili si dogo*

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034. Lengo lake ni kwamba ifikapo 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Siku chache baadaye, tarehe 14 Mei 2024, Rais alikuwa mwenyekiti mwenza wa mkutano wa Paris kuhusu nishati safi ya kupikia barani Afrika, ambako ziliahidiwa dola bilioni 2.2. Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria kuwa Afrika inahitaji dola bilioni 4 kila mwaka hadi 2030 ili kila kaya ifikiwe. Kwa hiyo fedha ya Paris ni nyingi ukiitamka, ila kwenye hesabu ni kama nusu ya mahitaji ya mwaka mmoja.

Sasa tuangalie tulipo. Kaya nyingi sana nchini bado zinapikia kuni au mkaa. Takwimu za Serikali zinaonyesha tunapoteza takribani hekta 469,000 za misitu kila mwaka, na ukataji wa miti kwa ajili ya mkaa na kuni ni moja ya sababu. Mkaa unaochomwa kwenye majiko ya Dar es Salaam unatoka Pwani, Morogoro, Lindi na Tanga. Baadhi ya mikoa hiyo ndiyo inayotunza vyanzo vya maji tunayokunywa, na baadhi ya maji yake ndiyo yanayoshuka Rufiji kuzungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere yenye uwezo wa megawati 2,115. Tunakata mti tuchemshe maharage leo, kesho tunaulizana kwa nini mto umepungua.

Halafu kuna mapafu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa ndani ya nyumba ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Hawa ni watoto wanaobebwa mgongoni mama akipuliza jiko.

*Kwa vijana wetu: sisi tumechafua nini?*

Ni kweli, Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 4 ya hewa chafu inayopasha dunia joto. Anayedai mpikaji wa uswahilini ndiye aliyeiharibu dunia anatukosea heshima, na tawi hili halitasema hivyo. Waliochafua zaidi walipe zaidi, na hoja hiyo viongozi wetu waendelee kuipigania kila mkutano.

Lakini moshi hauna subira ya kungoja mikutano. Hata kama dunia nzima ingeacha makaa ya mawe leo jioni, kikohozi cha mama anayepika kwenye chumba kisicho na dirisha kisingepona kesho. Tunadai haki yetu kwa wakubwa huku tukiokoa watu wetu wenyewe. Hakuna mgongano hapo.

*Somo kutoka India*

Katika elimu ya hesabu tunafundishwa kwamba mali iliyonunuliwa ikakaa stoo haijazalisha kitu, hata kama risiti ipo. India wamelijua hilo kwa gharama kubwa, na sisi tunaweza kujifunza bure.

Mei 2016 Serikali ya India ilianzisha mpango wa kuziunganisha kaya maskini na gesi, majina yakiandikwa kwa akina mama. Ilipofika Septemba 2019, kaya milioni 80 zilikuwa zimeunganishwa. Ni kazi kubwa, na heshima yao wapewe. Lakini mwaka huohuo Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa nchi hiyo alitoa ripoti yake, na hakuishia kuhesabu waliopewa. Alihesabu waliorudi kujaza. Akakuta kwamba wanufaika waliotimiza zaidi ya mwaka mmoja walijaza wastani wa mara 3.21 tu kwa mwaka, ilhali ruzuku iliruhusu hadi mara 12. Kwa lugha nyepesi, gesi ilikuwa ya wageni na sikukuu. Siku nyingine zote kuni ziliendelea.

Serikali yao ilichukua hatua. Mwaka 2022 iliweka ruzuku ya rupia 200 kwa kila mtungi unaojazwa, na mwaka 2023 ikaipandisha hadi rupia 300. Wastani wa kujaza ukapanda taratibu mpaka kuzidi mara nne kwa mwaka. Bado ni kidogo, lakini hilo linajulikana kwa sababu kuna mtu aliyepima kitu sahihi.

Na si India peke yake. Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha uchunguzi katika jarida la Nature Sustainability kuhusu miradi ya majiko inayouza hati za kaboni kwa kampuni za nje. Waligundua kwamba miradi waliyoichunguza ilikuwa imedai upunguzaji wa hewa ukaa mara 9.2 zaidi ya ule uliofanyika kweli. Sababu mojawapo ni kudhani kwamba jiko likishagawiwa basi linatumika kila siku. Miradi iliyokaribia ukweli ni ile iliyopima moja kwa moja, kwa mita, kiasi cha nishati kilichotumika. Kwa hiyo anayekuja mtaani kwetu na majiko ya bure kwa ajili ya kaboni, tumpokee kwa chai, kisha tumuulize: mnapimaje matumizi, na mwananchi anapata nini?

*Hesabu ya jikoni*

Wapo wanaosema watu wetu hawajazi gesi kwa sababu hawana elimu. Tunakataa. Watu wetu wanajua hesabu kuliko wengi wanaowahutubia. Chukua mfano huu.

Tuseme mama anatumia mkaa wa shilingi 1,500 kwa siku. Kwa siku 18 ametumia shilingi 27,000. Tuseme mtungi wa kilo 6 unajazwa kwa shilingi 24,000 na unadumu siku hizohizo 18. Gesi imemuokolea shilingi 3,000. Kwa nini basi anabaki kwenye mkaa? Kwa sababu mkaa unauzwa kwa kopo, na gesi inauzwa kwa mkupuo. Mtu anayepata riziki yake kwa siku hana siku hata moja ambayo ana shilingi 24,000 zisizo na kazi nyingine. Hapo kuna ada, kuna kodi ya chumba, kuna mgonjwa. Shida yake ni mkupuo. Semina ya kumweleza faida za gesi haitaubadilisha.

Tiba yake tunaijua, maana tuliiona kwenye umeme. LUKU ilipokuja, mwananchi akaweza kununua umeme wa shilingi 1,000 na maisha yakaenda. Gesi nayo inataka LUKU yake. Na teknolojia hiyo si ngeni: mita ya gesi inayolipiwa kidogo kidogo kwa simu ilifanyiwa kazi hapahapa Dar es Salaam na kampuni ya KopaGas, kabla teknolojia yake haijanunuliwa mwaka 2020 na kuendelezwa hadi Kenya. Ruzuku ikielekezwa huko, itafika mahali ambapo mtungi wa bure haufiki.

*Na umeme je?*

Mtaa wetu una umeme, na jiko la umeme la presha linaivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Wengi hawalisogelei kwa sababu ya hofu ya bili, na hofu hiyo ina msingi.

Kwa bei zilizowekwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa kundi la D1 analipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti inayozidi hapo ni shilingi 350, kabla ya kodi na tozo. Kundi la T1 ni shilingi 292 kwa kila uniti. Sasa kaya inayotumia uniti 60 inalipa shilingi 6,000. Ikiongeza uniti 30 za kupikia inafika 90: zile 75 ni shilingi 7,500 na zile 15 zilizozidi ni shilingi 5,250, jumla 12,750. Ikihamishiwa T1, uniti hizohizo 90 zinakuwa shilingi 26,280. Yaani kaya imetii wito wa nishati safi, na zawadi yake ni bili mara nne ya ile ya mwanzo. Sera mbili za nchi moja zinavutana, na anayeumia ni mpikaji.

*Kwa ndugu zetu wauza mkaa*

Ninyi ni wanachama wetu, wapiga kura wetu na majirani zetu. Tawi hili halitashangilia siku mtakayofunga biashara bila kuwa na nyingine. Tena ninyi ndio mnaojua kila nyumba inapika nini, inakopa lini na inalipa lini. Wakala mzuri wa gesi ya kupima anatakiwa kujua hayohayo. Mtu asiwaambie kuwa mkaa utadumu milele, maana mnaona wenyewe gunia linatoka mbali zaidi kila mwaka na bei inapanda. Ingieni mapema, na ingieni mkiwa mmejipanga.

*Tawi linaomba na linaahidi nini*

1. Mgawo wa mitungi utakapofika, orodha ya wanufaika ibandikwe hadharani ofisi ya mtaa. Wajane, wazee na kaya zenye watoto wadogo watangulie. Kadi ya Chama isiwe kigezo, kwa sababu moshi hauulizi kadi.

2. Tawi litafungua daftari lenye safu tatu: mtungi uliotolewa, mtungi uliojazwa mara ya pili, na mtungi unaoendelea kujazwa baada ya miezi sita. Matokeo tutayatangaza kwenye kundi hili kila robo mwaka, yawe mazuri au mabaya.

3. Tunamwomba Mheshimiwa Diwani afikishe kwenye Baraza la Madiwani ombi kwamba wauza mkaa walio tayari kuwa mawakala wa gesi wasaidiwe kuunda vikundi, ili wanawake, vijana na watu wenye ulemavu wafikiwe na mikopo ya asilimia 10 ya Halmashauri.

4. Tunamwomba Mheshimiwa Mbunge aulize bungeni maswali mawili. Ruzuku ya nishati safi itaanza lini kufuata kujaza, badala ya kuishia kwenye mtungi wa kwanza? Na kaya ya D1 inayoanza kupika kwa umeme italindwaje isihamishwe kundi?

5. Shule na taasisi za kata yetu zinazolisha zaidi ya watu 100 zilikwishaagizwa na Serikali kuachana na kuni na mkaa. Kamati za shule zituletee hesabu: mlitumia kiasi gani kwa kuni, na mtahitaji kiasi gani kwa nishati mbadala. Bila namba hizo hatuwezi kuwasemea.

Ndugu wanachama, tunajua wapo watakaosema tawi limeharibu sherehe kwa kuleta daftari. Waacheni waseme. Chama kinachowapenda watu wake hakiridhiki na makofi ya siku ya ugawaji. Kinarudi miezi sita baadaye, kinapiga hodi, kinauliza: mama, leo umepikia nini? Jibu lake ndilo litakalotuambia kama sera imefika nyumbani au imeishia jukwaani.

Wenye maoni, au wanaotaka kujitolea kusimamia daftari kwenye maeneo yao, wafike ofisi ya tawi Jumamosi saa nne asubuhi. Tunahitaji watu wawili kila eneo, na angalau mmoja awe mama.

Tafadhali sambaza ujumbe huu kama ulivyo, bila kupunguza wala kuongeza.

Imetolewa na:
*Katibu wa Tawi*
Kwa niaba ya Kamati ya Tawi