Vyuo vya Weusi Mississippi vipewe kozi, si masharti

Mwaka 1962 James Meredith, mwanafunzi Mweusi, aliingia Chuo Kikuu cha Mississippi akilindwa na askari wa serikali kuu, baada ya ghasia zilizoua watu wawili. Mwaka uliofuata, vyuo vikuu vitatu vikubwa vya Wazungu jimboni humo viliamua kuwa asiyepata alama 15 katika ACT, mtihani wa kujiunga na chuo, haingii. Wastani wa Wazungu ulikuwa 18. Wa Weusi ulikuwa 7.

Takwimu hizo zimo katika hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1992, katika kesi iliyofunguliwa mwaka 1975 na Jake Ayers, mzazi aliyedai vyuo vya Weusi vitendewe haki. Alifariki 1986, hukumu hakuiona. Mahakama ilisema kuondoa marufuku ya rangi hakutoshi ikiwa taratibu za zamani bado zinampangia mwanafunzi pa kwenda. Moja ya taratibu hizo ilikuwa kurudia kozi: zaidi ya theluthi moja ya kozi za shahada ya kwanza katika vyuo vya Weusi zilifundishwa pia katika vyuo vya Wazungu, bila haja.

Suluhu ya kesi hiyo iliidhinishwa na mahakama mwaka 2002: takriban dola milioni 503 kwa miaka 17, kwa vyuo vya Weusi vya Jackson State, Alcorn State na Mississippi Valley State. Lakini ili chuo kikabidhiwe fungu lake la mfuko wa wakfu uliokuwamo katika suluhu hiyo, kilitakiwa kwanza kifikishe asilimia 10 ya wanafunzi wasio Weusi na kudumu hapo miaka mitatu.

Sharti hilo tunalipinga. Aliyedhulumiwa alitwishwa kazi ya kumvuta jirani kabla hajapewa cha kumvutia. Kijana Mzungu hufuata kozi, maabara na walimu. Akivipata katika chuo chenye fedha zaidi, aende Mississippi Valley kutafuta nini?

Mwaka 2024 muswada wa seneti ya jimbo ulitaka vyuo vikuu vitatu vya umma vifungwe. Haukuvitaja kwa majina, ila hofu ilitanda katika vyuo vya Weusi. Ulifia kwenye kamati, na ulistahili.

Bunge la Mississippi liviwekee vyuo hivi fedha za kudumu katika bajeti ya kila mwaka. Na kozi mpya ya uhandisi au afya ikigombewa na vyuo viwili, ianzie Jackson State.