Wakanda ina madini, lakini mchimbaji yuko wapi?

Tangu filamu ya Black Panther itoke mwaka 2018, waandishi wengi wa utamaduni duniani wamerudia sentensi moja: vibraniumu ya Wakanda ndiyo kobalti ya Kongo. Imeandikwa New York, London na Paris. Ni nadra kusikia ikipimwa kutoka Kolwezi, ambako kobalti yenyewe inatoka.

Ikipimwa hapo, nusu yake inasimama na nusu inaanguka.

Inayosimama ni historia. Wakanda ilionekana mara ya kwanza katika toleo la 52 la kitabu cha katuni cha Fantastic Four, la Julai 1966, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Toleo lililofuata likaeleza jinsi baba yake mfalme T'Challa alivyouawa na Klaw, mgeni aliyekuja kunyakua madini. Wakati huo migodi ya Kolwezi ilikuwa bado mikononi mwa Union Minière du Haut-Katanga, na ilikuwa imepita miaka mitatu na kidogo tangu Katanga ishindwe kujitenga. Januari 1, 1967, serikali ya Mobutu ikaichukua migodi hiyo. Si lazima Lee na Kirby wawe walikuwa wakiiwaza Katanga. Lakini msomaji wa magazeti wa miaka ile hakuhitaji kuelezwa mara mbili maana ya mgeni anayefuata madini ya Afrika na bunduki.

Inayoanguka ni ile inayomhusu mtu. Katika filamu, kabila la wachimbaji lina mwakilishi kwenye baraza la mfalme, mama mmoja aliyeigizwa na Connie Chiume wa Afrika Kusini. Ana kiti cha heshima na anasikilizwa. Lakini filamu nzima, ya zaidi ya saa mbili, ni vigumu kumwona mtu akichimba. Mgodi upo, treni zinapita ndani yake, maabara ya Shuri iko palepale. Jasho halipo, wala udongo chini ya kucha.

Kwa msomaji wa Kolwezi, hapo ndipo mfano unapokatika. Wakanda imeyaficha madini yake wageni wasiyaone. Katika mtaa wa Kasulo, kuanzia mwaka 2014, watu walichimba uani na hata chini ya sakafu za nyumba zao, kwa sababu kobalti ilikuwa chini ya kitanda. Juni 2019, karibu wachimbaji wadogo 40 walifukiwa na udongo katika mgodi wa KOV. Hao hawakuwa na kiti kwenye baraza lolote.

Filamu iliyoingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 haina deni la kuonyesha Kasulo. Iliuza ndoto, na watoto wa Lualaba wana haki ya ndoto kama watoto wengine. Wenye deni ni wakosoaji. Kuandika kwamba Wakanda ni Kongo bila kumtafuta mchimbaji kwenye picha ni kusoma kitabu nusu.

Tena jimbo hili lina katuni yake. Mwaka 1989, mjini Lubumbashi, kilichapishwa kitabu cha katuni kiitwacho Alerte à Kamoto, yaani "Tahadhari Kamoto". Maneno ni ya Pie Tshibanda, mwanasaikolojia na mwandishi aliyezaliwa Kolwezi mwaka 1951. Picha ni za Nsenga Kibwanga. Kamoto si nchi ya kubuni. Ni mgodi wa Kolwezi, na mwaka uliofuata, Septemba 1990, sehemu ya kati ya mgodi huo wa chini ya ardhi iliporomoka. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilikuwa chini ya tani 50,000 kufikia katikati ya miaka ya 1990. Tshibanda baadaye aliandika katuni nyingine, kuhusu watu wa asili ya Kasai waliofukuzwa Katanga. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao, akaishia Ubelgiji.

Ni kijana yupi wa Kolwezi leo amekishika kitabu cha Kamoto mkononi? Wakanda anaijua, ameiona kwenye simu. Hata Tintin anamjua. Kuhusu Tintin huko Kongo, hadithi iliyoanza kuchapishwa mwaka 1930, Mkongo mmoja aishiye Ubelgiji alifungua kesi Brussels mwaka 2007, na mahakama ikaikataa mwaka 2012. Ubishi ule ulistahili. Lakini wino uliomwagwa juu ya kitabu cha Hergé, kumi moja yake tu ungetosha kukitangaza kitabu cha Tshibanda.

Kuna pia suala la lugha. Alerte à Kamoto ni ya Kifaransa. Kinshasa, Papa Mfumu'Eto alichora kwa Kilingala na vitabu vyake vikauzwa sokoni. Kenya, Shujaaz ilianza mwaka 2010 kwa Sheng. Mkoloni naye alilijua hilo: gazeti lake la Nos Images, lililochapisha visa vya familia ya Mbumbulu ili kuwafundisha Wakongo "adabu", lilikuwa na Kiswahili ndani yake.

Na Kiswahili cha Katanga, kile wanachokicheka watu wa Dar es Salaam, kinaiweza kazi hiyo. Mwaka 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia nzima ya nchi, picha takriban mia moja, kisha akamweleza mwanaanthropolojia Johannes Fabian picha moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili: nani amesimama wapi, kwa nini, na nini hakikuchorwa. Ukosoaji wa picha ndio huo, na ulifanyika hapahapa Shaba miaka 50 iliyopita.

Fedha si kisingizio. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa miradi ya jamii zinazozizunguka. Shule na visima vitangulie, hakuna anayebisha. Lakini kuchapisha upya kitabu kimoja cha katuni, safari hii kwa Kiswahili, kwa ruhusa ya wenye haki zake, ni gharama ndogo mno kwa mji unaozungukwa na migodi mikubwa kiasi hiki. Chuo Kikuu cha Kolwezi kinaweza kuanza kesho, kwa kutafuta nakala moja ya mwaka 1989 na kuiweka mezani mbele ya wanafunzi.