Rejista ya Shule Ni Amana: Jina la Binti Lisifutwe Kimyakimya



Leo hatuzungumzii mitindo ya magauni wala rangi za mitandio. Tunazungumzia daftari. Ni lile kubwa lililo juu ya meza ya mwalimu wa darasa, ambalo watoto huitwa majina kila asubuhi, na lile lingine lililo ofisini kwa mwalimu mkuu, lenye jina la kila mtoto tangu siku aliyoingia shule. Wengi wetu huyaona madaftari haya kuwa shughuli ya walimu na serikali. Sisi tunasema hapana. Rejista ya shule ni jambo letu sisi wanawake, hasa sisi tunaolea mabinti na sisi tunaohudumia maharusi.

Tuanze na yaliyomo. Rejista ya uandikishaji humpa mtoto nambari yake, kisha huandika jina lake kamili, tarehe ya kuzaliwa, jina la mzazi au mlezi, anakoishi, shule aliyotoka, na siku aliyopokewa. Akiondoka huandikwa siku aliyoondoka na sababu. Rejista ya mahudhurio huwekwa alama asubuhi na mchana, siku baada ya siku, ya aliyekuja na asiyekuja. Ni hayo tu, lakini mtoto akipotea darasani, hakuna karatasi nyingine itakayosema alionekana mara ya mwisho siku gani.

Sheria inasemaje

Hapa kwetu Kenya, Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaja kulifafanua neno hilo "lazima". Mzazi anatakiwa ahakikishe mtoto anahudhuria, tena mara kwa mara, si kuandikisha Januari kisha kuachia hapo. Mwalimu mkuu naye amepewa wajibu. Mtoto akikosa shule, achunguze sababu. Akiona hakuna sababu ya maana, amwandikie mzazi barua ya kumtaka amrudishe mtoto, na apeleke taarifa kwa bodi ya elimu ya kaunti. Mzazi akipuuza barua ile anaweza kujikuta mahakamani.

Sasa tuulizane: mwalimu atachunguza vipi kutokuwepo kwa mtoto ambaye hakuandikwa kuwa hayupo? Rejista ikijazwa Ijumaa kwa wiki nzima, kwa kukisia, ulinzi wote huo unakuwa maneno ya kitabuni.

Dini yetu haikudharau kalamu

Kuna wanaosema mambo ya kuandika-andika ni ya kizungu. Hilo si kweli. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an Tukufu ni ya 282 ya Suratul Baqarah, nayo inazungumza kuhusu kuandika deni. Waumini wanaamrishwa kuandika, mwandishi anaamrishwa aandike kwa uadilifu, na tunakatazwa kuchoka kuandika, liwe deni dogo au kubwa. Ikiwa pesa, ambazo leo ziko na kesho haziko, zimewekewa utaratibu huo, je, mtoto wa watu?

Sayyidna Umar, Allah amridhie, ndiye aliyeanzisha madiwani, yaani madaftari ya majina ya watu, ili kila mwenye haki katika mali ya umma aifikie haki yake. Na Bi Shifa bint Abdillah alikuwa mwanamke wa Makka aliyejua kusoma na kuandika, naye ndiye aliyemfundisha Bi Hafsa, mama wa waumini, kuandika. Kuandika na kuhesabu watu kwa haki ni mambo yaliyokuwa nyumbani kwetu tangu zamani.

Tena rejista ni ushahidi. Mwalimu akiweka alama kuwa mtoto yupo naye hayupo, ametoa ushahidi wa uongo, hata kama ni kwa kalamu ya risasi.

"Amehama"

Hapa ndipo panapotuumiza. Kuna neno moja likiandikwa katika rejista hufunga kila swali, nalo ni "amehama". Binti wa Gredi ya 8 haonekani wiki ya kwanza, haonekani ya pili, ya tatu mwalimu anaambiwa na watoto wenzake kuwa amekwenda kwa shangazi yake. Anaandika "amehama" na kupiga mstari juu ya jina. Amehamia shule gani? Hakuna anayejua. Nani alikuja kuchukua barua ya uhamisho? Hakuna. Baada ya mwaka tunasikia binti yule ana mume, au ni yaya katika nyumba ya watu, au anajificha na mimba kwa jamaa zake.

Sisi tulio katika kazi za harusi tunayaona haya kabla ya mwalimu. Fundi anayeshona gauni anaona kifua na mabega ya anayepimwa. Mpaka hina anaona mikono. Anayeletwa akipimwa huku macho yako chini, na kila swali linajibiwa na mtu mwingine, si kila mara ni haya ya bi harusi. Ndiyo maana tunasema wazi: umri wa ndoa katika Sheria ya Ndoa ya 2014 ni miaka 18, na Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda mtoto asiozwe. Anayetaka kubishana kuhusu baleghe na fiqhi akabishane na wanazuoni wanaojua madhara yanayompata msichana ambaye mwili wake haujawa tayari kuzaa. Hata wanazuoni hawaachi sharti la ridhaa na la kuondoa madhara. Na mtoto aliyetolewa darasani kwa siri, ridhaa yake imepimwa na nani?

Rai yetu ni hii. Jina la mtoto lisifutwe katika rejista kwa neno "amehama" mpaka pawe na shule iliyompokea na imethibitisha kwa maandishi. Mwalimu mkuu apige simu shule ile. Asipompata mtoto huko, huyo hakuhama. Amepotea, na aliyepotea hutafutwa. Chifu na mzee wa mtaa wapo kwa ajili hiyo, na afisa wa watoto yupo.

Na binti aliyejifungua asihesabiwe kuwa amekwisha. Miongozo ya Wizara ya Elimu ya 2020 kuhusu kurudi shuleni inataka apokewe tena. Kumsitiri ni sunna. Kumfuta katika daftari si kumsitiri, ni kumzika yu hai.

Haki zinazofuata jina

Dada zetu, kila haki ya shule hufuata jina lililoandikwa. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2017 yaliiwekea serikali wajibu wa kutoa sodo za bure kwa kila msichana aliyebaleghe. Lakini sheria imetaja msichana "aliyesajiliwa na kuandikishwa" katika shule ya umma. Asiyekuwa katika rejista hahesabiwi, na katoni ikija haina fungu lake. Matokeo yake tunayajua: binti anabaki nyumbani siku nne au tano kila mwezi na anaona haya kusema kwa nini.

Pesa nazo ni hivyo hivyo. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa umewekwa kuwa shilingi 22,244 kwa mwaka, kwa hesabu ya vichwa. Tangu 2017 majina yaliingizwa katika mfumo wa kompyuta wa NEMIS, na mfumo ule ulitaka nambari ya cheti cha kuzaliwa. Pwani yetu hii watoto wangapi wamezaliwa nyumbani kwa mkunga na hawana cheti? Mtoto anakaa darasani, anasoma, lakini mgao wake hauji, na shule inabaki kugawanya chaki ya arubaini kwa watoto sitini. Akifika mtihani wa kitaifa anaulizwa cheti hicho hicho, na mama anaanza kukimbia ofisi hadi ofisi wakati wenzake wanadurusu.

Upande wa pili kuna dhambi nyingine, wanafunzi hewa. Ni majina ya watoto wasiokuwepo yanayoongezwa ili pesa ziongezeke. Hiyo ni khiyana, na wanaoibiwa ni watoto waliopo. Rejista ya kweli hukata pande zote mbili. Haimwachi aliyepo, wala haimwandiki asiyekuwepo.

Na haya hayaishi utotoni. Mwanamke wa miaka thelathini aliyeachika na watoto wawili, akitaka kujiunga na chuo cha ufundi ajifunze kushona au upishi, ataulizwa cheti cha kumaliza shule. Cheti hicho hutolewa kutoka katika rejista ya uandikishaji, kwa nambari ile aliyopewa akiwa na meno ya utoto. Daftari likiwa limeliwa na mchwa, au jina liliandikwa kwa herufi nyingine, ni mwanamke huyo atakayehangaika, si mwalimu aliyekwisha kustaafu.

Tuongee kuhusu harusi

Maharusi wetu wapenzi, hapa tunawaomba nyinyi. Misimu yetu inajulikana: Shaaban kabla ya Ramadhani kuingia, Shawwal baada ya Idi, na likizo ya Desemba. Harusi ya Desemba haina tatizo. Lakini harusi za katikati ya muhula huwatoa wasichana wadogo shuleni wiki nzima. Kuna siku ya kuchambua mchele, siku ya hina, siku ya vugo, siku ya nikahi, siku ya kupambwa, kisha siku ya kulala kwa uchovu. Wavulana mara nyingi hurudi darasani siku ya pili. Wasichana ndio hubaki kuosha masufuria.

Hatusemi msifurahi. Harusi itangazwe, na watoto wale biriani. Tunasema mambo matatu mepesi.

Kwanza, vipimo vya sare za wadogo wa bi harusi vifanywe Jumamosi, au jioni baada ya shule na madrasa. Fundi mwenye kutaka kazi atakubali. Sisi tunaandika katika daftari la oda kifua, kiuno, mkono, urefu na tarehe ya kuchukua, na mteja akikosa tarehe yake tunampigia simu. Basi nasi tumpe mwalimu heshima hiyo hiyo ya kutujua tulipo.

Pili, mtoto akiwa hana budi kukosa siku moja, mzazi amwandikie mwalimu au ampigie kabla. Ruhusa iliyoombwa huandikwa kuwa ruhusa, na mwalimu hana haja ya kuuliza mara mbili.

Tatu, bi harusi ambaye bado ni mwanafunzi, ametimiza miaka 18 na ameridhia, asikubali ndoa imtoe katika rejista. Alizungumze wakati wa posa, mbele ya mawalii, kuwa atamaliza kidato chake. Kusema baada ya nikahi ni kuomba, kusema kabla ni sharti.

Yasemwayo na wengine

Yuko atakayesema: mwanangu yuko madrasa, elimu ni elimu. Ni kweli, na Allah awabariki walimu wa madrasa. Lakini madrasa bora nayo ina daftari la majina, na maalim mwema huuliza mtoto asiyekuja yuko wapi. Hizi mbili hazigombani. Mtoto asubuhi awe katika rejista ya shule, jioni awe katika daftari la madrasa.

Mwingine atasema serikali inataka kutuhesabu ili ituchunguze. Woga huo hatuudharau, maana watu wa pwani wameulizwa makaratasi mengi kuliko wengine. Jibu lake ni kudai daftari litunzwe vizuri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazitaka taarifa za watoto zitunzwe kwa uangalifu wa pekee. Mwalimu asipige picha ukurasa wa rejista na kuutupa katika kundi la WhatsApp la wazazi, wala sababu ya binti kukosa shule isisomwe hadharani.

Na walimu wetu watasema wamechoka, darasa lina watoto sabini. Tunawasikia. Ndiyo maana tunasema mzigo huu tuugawane.

Tufanye nini basi

Muhula huu, kila mama aende shuleni siku moja. Aombe kuona jina la mwanawe katika rejista ya uandikishaji. Aangalie herufi za jina na tarehe ya kuzaliwa, zilingane na cheti. Kama cheti hakuna, aanze kukifuatilia sasa, asingoje mwaka wa mtihani. Aache nambari ya simu inayopatikana, si ya laini iliyokufa. Aulize mwanawe alikosa siku ngapi muhula uliopita. Baadhi yetu tutashangaa.

Na ukimwona mtoto wa jirani nyumbani saa nne asubuhi wiki ya pili mfululizo, bisha hodi kwa mamaye kwa upole, uulize kama pana shida. Huenda hana sare, na sare ni mita chache za kitambaa. Wenye vyerehani tuko.

Kila mwenye kupewa amana ataulizwa juu yake, na watoto ni amana yetu kabla hawajawa amana ya mwalimu. Allah atujaalie tuwe wenye kuzichunga, awahifadhi mabinti zetu, na awape maharusi wetu ndoa za kheri na watoto wenye elimu yenye manufaa. Aamin.

Wabillahi tawfiq.