Mgeni Rasmi Asisubiriwe: Usalama Katika Matembezi ya Hisani

Miaka kadhaa iliyopita nilijitolea kuhudumu katika hema la huduma ya kwanza, kwenye matembezi ya hisani yaliyoandaliwa jijini Dar es Salaam kuchangia matibabu ya watoto. Tangazo lilisema matembezi yangeanza saa 12:00 asubuhi. Yalianza saa 2:40, kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa bado njiani. Ulikuwa mwezi wa Februari, na kila aishiye Pwani anaujua mwezi huo: jua halijapanda sana, nawe fulana imekwisha kukuganda mgongoni. Mamia ya watu walisimama uwanjani wakicheza muziki, wakapigana picha, wakayamaliza maji ya chupa waliyogawiwa kwa ajili ya njiani.

Kwenye kilomita ya nne mama mmoja wa makamo alianza kuyumba, akawa anatoa maneno yasiyoeleweka, kisha akaanguka. Aliyekuwa karibu naye zaidi ni msichana wa mwaka wa pili chuoni, aliyepewa fulana, filimbi na agizo moja tu: "Simama hapa, waoneshe njia." Msichana yule alifanya ambalo wengi wetu tungelifanya bila mafunzo: alimwinua mama kichwa, akamtia maji kinywani. Namba ya simu aliyoachiwa ilikuwa ya mratibu wa jukwaa, ambaye hakuisikia kwa kelele za muziki. Gari la wagonjwa lilikuwapo, tena zima, lakini liliegeshwa nyuma ya jukwaa, na mbele yake yakajipanga magari ya wageni waalikwa.

Mama alipona. Alipona kwa sababu kando ya barabara palikuwa na muuza vinywaji mwenye sanduku la barafu, na mpita njia mmoja alijua la kufanya nayo. Sisi waandaaji hatukuchangia lolote katika kupona kwake. Nasema "sisi" kwa makusudi, maana nilikuwa nimekubali kuketi katika hema lile bila kuuliza swali hata moja.

Kwetu kuna dhana kwamba shughuli ya hisani haihojiwi. Aliyetoa Jumamosi yake bure ataulizwaje mpango wa dharura? Kumwuliza huonekana kama kumvunja moyo, ama kumshuku. Naona dhana hii ndiyo inayotuponza. Kamati inapowaita watu waje watembee kilomita kumi juani, imekwisha kuchukua dhamana ya miili yao, na dhamana hiyo haipungui kwa kuwa hakuna anayelipwa.

Tuanze na saa, kwa sababu ndiko lilikoanzia kosa letu. Mwili unaofanya kazi hujipoza kwa jasho, na jasho hupoza pale tu linapokauka hewani. Katika unyevunyevu wa pwani jasho hutiririka bila kukauka, na joto hubaki ndani. Joto la ndani likivuka nyuzi 40 na mtu akaanza kuchanganyikiwa, hicho ni kiharusi cha joto, na hapo ubongo, ini na figo vimo hatarini. Tiba yake ya kwanza haihitaji hospitali: mgonjwa apozwe palepale alipoangukia, kwa maji baridi na barafu mwili mzima, na joto lishuke ndani ya nusu saa ya mwanzo. Kumpakia garini na kuanza kupambana na foleni kabla ya kumpoza ni kuipoteza nusu saa hiyo. Naye aliyepungukiwa na fahamu hanyweshwi kitu, kwani maji yataingia mapafuni. Hulazwa kwa ubavu, na kupumua kwake kukaangaliwa.

Ikiwa hali ni hiyo, kuyachelewesha matembezi kwa saa mbili na dakika arobaini ili hotuba isikike ni uamuzi wa kitabibu uliofanywa na watu wasiojua kwamba wanafanya uamuzi wa kitabibu. Pendekezo langu ni jepesi, ingawa najua litawakera baadhi ya wahusika wa itifaki: watu waondoke kwa saa iliyotangazwa, na mgeni rasmi awapokee wanaporudi. Hotuba haina haja ya kutangulia jasho.

Kwenye meza za maji nako kuna la kujifunza. Vijana wanaojitolea hupenda kuhimiza, "Kunywa, kunywa!" kama kwamba maji hayana kiasi. Katika mbio za marathoni za Boston za mwaka 2002, watafiti waliwapima damu wakimbiaji 488 waliomaliza, wakakuta asilimia 13 wana upungufu wa chumvi ya sodiamu, na waliokuwa hatarini zaidi ni waliokunywa hata uzito wao ukaongezeka, pamoja na wale wa mwendo wa polepole waliokaa njiani zaidi ya saa nne. Watembeaji wetu wengi ni wa mwendo huo. Mtu na anywe kwa kiu yake. Aliyekunywa mno naye huchanganyikiwa na kuanguka, na kumwongezea maji ni kumwangamiza.

Moyo kusimama ghafla ni jambo la nadra, lakini si la kuachiwa bahati. Uchunguzi uliofanywa Marekani kuhusu marathoni na nusu marathoni za miaka 2000 hadi 2010 uliwahesabu washiriki milioni 10.9, na miongoni mwao 59 walisimama moyo, 42 wakafariki. Katika waliookoka, jambo lililojitokeza sana ni kwamba mtu aliyekuwa karibu alianza mara moja kuwakandamiza kifua. Kazi hiyo hujifunzwa kwa mchana mmoja: katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuchoka kabla ya kupokewa. Chuo cha tiba kinachomtuma mwanafunzi wake barabarani na filimbi bila kumfundisha hili kina la kujieleza.

Lililo gumu zaidi, kwa maoni yangu, ni mamlaka. Kijana wa miaka ishirini hawezi kumwambia mzee wa rika la babake, "Keti, umetosha," hata akiona miguu yake inapishana. Adabu zetu hazimruhusu, na mzee mwenyewe atacheka na kuendelea. Basi ruhusa hiyo itolewe hadharani, jukwaani, kabla ya kuondoka: yeyote mwenye fulana ya rangi fulani akikuambia keti, utaketi. Vilevile awepo mtu mmoja, mganga au muuguzi, mwenye haki ya kuyakatiza matembezi yote bila kumwomba mwenyekiti idhini.

Fedha nazo zina hatari zake, za mwili pia. Nimewahi kumwona mweka hazina akiondoka uwanjani jioni na mfuko wa noti, peke yake, juu ya bodaboda. Akiporwa, atapoteza fedha na jina lake kwa pamoja, kwani wapo watakaonong'ona kwamba alijipora. Michango ipite kwenye namba ya malipo yenye jina la taasisi. Taslimu zihesabiwe na watu wawili palepale na kutiwa saini. Kuhusu picha za watoto wagonjwa zinazobandikwa kwenye mabango, nitasema tu kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na mzazi anayengoja fedha za matibabu ya mwanawe hana uhuru kamili wa kusema hapana.

Nimeambiwa kwamba masharti haya yatavikatisha tamaa vikundi vidogo visivyo na fedha. Gharama yenyewe ni ipi? Mapipa mawili, magunia machache ya barafu, turubai, na dereva aliyeambiwa aegeshe gari likielekea barabarani. Kuondoka kwa wakati ni bure.

Mwaka uliofuata niliombwa tena kuhudumu katika hema lile. Niliuliza barafu itakuwa kwa nani, gari litaegeshwa wapi, na nani atakuwa na mamlaka ya kuyasimamisha matembezi. Mawili ya kwanza yalijibiwa upesi. La tatu lilikosa jibu, nami nikakataa, nikaonekana mwenye maringo. Baada ya wiki moja mwenyekiti alinipigia simu, akauliza kama jina langu linaweza kuandikwa hapo.