Kipandauso si uvivu, jamani!

Ndugu msomaji, kabla hujakimbilia ukurasa wa vitendawili, nisikilize kidogo. Nataka kuwatetea wagonjwa ambao hawana bandeji, hawakohoi wala hawana joto mwilini, na kwa sababu hiyo kila siku wanaitwa waongo. Nasema juu ya watu wa kipandauso, ule ugonjwa wa kichwa ambao Waingereza huuita maigreni. Mimi ni mmoja wao tangu nilipokuwa darasa la saba.

Hebu lichunguze hilo neno lenyewe. Kipandauso, yaani kitu kinachoupanda uso. Aliyelibuni hapana shaka aliugua mwenyewe, maana kwangu ndivyo kinavyokuja: huanzia shingoni au nyuma ya jicho, kikapanda taratibu upande mmoja mpaka utosini. Tabibu Galen wa enzi za Warumi, katika karne ya 2, aliuita kwa Kiyunani jina lenye maana ya nusu ya fuvu, na jina la Kiingereza limezaliwa humo humo. Kwa hiyo si ugonjwa wa juzi, wala si wa watoto wa matajiri kama nilivyomsikia mtu akisema kwenye foleni ya chakula.

Kichwa cha kawaida hukubana pande zote mbili kama kilemba kilichokazwa, nawe waweza kuendelea kunakili ubaoni huku ukilalamika. Kipandauso ni mambo mengine. Siku moja kabla yake unaweza kupiga miayo ovyo, ukakasirika bure, ukatamani vitu vitamu. Wengine huona vimetameta na mistari ya kwenda upogo mbele ya macho, kwa dakika chache au hata saa nzima. Halafu mchi unaanza kutwanga. Hutwanga pamoja na mapigo ya moyo, na ukipanda ngazi hutwanga zaidi. Mwanga unachoma. Kengele ya shule ni kama imefungwa ndani ya sikio lako. Harufu ya kitunguu kinachokaangwa jikoni, ambayo siku nyingine hunifurahisha sana, hunifanya nitapike. Bila matibabu, hali hiyo huweza kudumu saa 4 hadi siku 3. Wahenga hawakukosea waliposema adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Sasa ukiyaeleza haya utajibiwaje? Wa kwanza atakuambia ni malaria. Kwetu Kenya kila kichwa ni malaria! Lakini malaria hupimwa kwa tone moja la damu, na asiyekuwa nayo dawa zake hazitamfaa kitu. Mwingine atasema ni mapepo. Katika shule niliyosomea zamani niliwahi kuzungukwa na wenzangu kitandani wakaniombea kwa sauti kuu, kwa makofi na vigelegele. Nia yao ilikuwa njema, siwacheki. Ila mtu ambaye hata mlio wa kijiko unampasua kichwa, wallahi, mwombee kimya kimya.

Jibu linaloniudhi hasa ni lile la tatu: "Wewe unatoroka hesabu. Kunywa maji urudi darasani."

Wataalamu wanasema mtu wa kipandauso ana ubongo mwepesi kushtuka, na mara nyingi ameurithi. Mimi nimeurithi kwa mama. Shambulio likianza, mshipa mkubwa wa fahamu unaohudumia uso na utando wa ubongo huamka na kumwaga kemikali, mojawapo ikiitwa CGRP, ambazo hutanua mishipa ya damu na kuchochea maumivu. Mwaka 2021 wanasayansi wanne, Lars Edvinsson, Peter Goadsby, Michael Moskowitz na Jes Olesen, walipewa Tuzo ya Ubongo inayotolewa nchini Denmark kwa kazi yao juu ya jambo hili. Je, walitunukiwa kwa kuchunguza uvivu? Wagonjwa duniani wanakadiriwa kuzidi bilioni 1, na baada ya kubalehe wanawake ndio wengi zaidi. Sisi wasichana wengine hutushika kila tunapokaribia siku zetu za mwezi. Nashangaa bilioni nzima ikitoroka hesabu!

Nafuu ipo, lakini ina saa yake, na hapo ndipo taratibu zetu zinapotuponza. Wakati wa shambulio tumbo hulegea na kufanya kazi polepole. Kidonge kilichomezwa mwanzoni huingia mwilini. Kilichomezwa baada ya saa mbili hukaa tumboni kikingoja, au hutapikwa. Kwa hiyo parasetamoli au ibuprofeni ile ile, kwa kipimo cha umri wako, inaweza kukuokoa saa tatu asubuhi na isikusaidie chochote saa tano. (Aspirini, aliye chini ya miaka 16 asiiguse bila idhini ya daktari.) Baada ya kidonge ni giza, kimya, kitambaa cha maji baridi, maji ya kunywa kidogo kidogo, na usingizi ukikubali kuja. Zipo pia dawa za kipandauso chenyewe, kama sumatriptani iliyoanza kutumika mwaka 1991, lakini hizo huandikwa na daktari na bei yake si ya mfuko wa mwanafunzi.

Kwetu hapa dawa zote hukabidhiwa kwa matroni, na kabati hufunguliwa jioni. Kabla ya hapo sharti umtafute mwalimu wa zamu, umweleze, akuandikie karatasi, ukamtafute matroni. Ufa umekwisha kuwa ukuta. Wengine huona heri wafiche vidonge na kuvimeza kama njugu, jambo la hatari, kwani atumiaye dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, dawa zenyewe humletea kichwa.

Kukinga pia kunawezekana. Nilianza kuandika kwenye daftari kila shambulio na mambo ya siku iliyotangulia. Mara nyingi nakuta niliikosa chai, au nililala kidogo. Tunalala saa tano usiku na kengele ni saa kumi na nusu alfajiri, ilhali kijana wa umri wetu anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Hata kulala kupita kiasi Jumapili huniletea balaa! Watu hunionya niache chokoleti. Chokoleti mimi naiona siku ya wageni tu, na siku hizi wako madaktari wanaodhani kwamba ile hamu ya kitu kitamu mara nyingine ni dalili kuwa shambulio limekwisha anza.

Tusichanganye mambo, lakini. Kichwa kinacholipuka ghafla kuliko vyote ulivyowahi kuugua, kilichofuatana na homa na shingo kukakamaa, kilichokuja baada ya kugongwa, au chenye kupooza upande au kukwama kwa ulimi, si cha kulaliwa gizani. Hicho ni cha hospitali mara moja, kwani huenda ni homa ya uti wa mgongo au damu inavuja kichwani.

Ombi langu kwa walimu wetu ni dogo. Mwenye barua ya daktari apewe kidonge chake papo hapo, saa yoyote. Anayechelewa foleni apewe adhabu nyingine, si kunyimwa uji. Na zahanati yetu iwe na kitanda kimoja penye giza. Najua mtasema, "Watajifanya!" Haya, ajaye kujifanya alazwe gizani saa nne bila gumzo, bila kitabu, bila andazi, tuone atarudi mara ngapi. Pazia lenyewe wanachama wa Kiswahili tuko tayari kulichangia: shuka moja kuukuu la buluu na misumari miwili, lile dirisha la magharibi linalopigwa na jua la alasiri.