Jina la mswaki tunalo, soko wanalo wengine

KILA asubuhi mamilioni ya Watanzania hupiga mswaki. Wachache kati yao hukumbuka kwamba kabla ya kuwa brashi ya plastiki ya dukani, mswaki ni kichaka kinachoota chenyewe katika nyanda zetu kame, kuanzia tambarare za Same hadi Dodoma. Hakidai mbolea wala dawa, na mahindi yanaponyauka chenyewe hubaki kijani. Hata hivyo, mkulima anaposafisha shamba, hukifyeka na kukichoma moto pamoja na magugu.

Jina lenyewe lina mafunzo. Limetokana na neno la Kiarabu miswak, yaani kijiti cha kusafishia meno. Mmea wenyewe Waarabu huuita arak. Watu wa pwani wakaupa mmea jina la kazi yake. Wamasai huuita oremit, Waturkana wa Kenya esekon, na wataalamu Salvadora persica, jina lililoandikwa na Linnaeus mwaka 1753. Brashi ya plastiki ilipoingia madukani ikarithi jina la mti, na mti ukasahaulika.

Wenzetu hawakuusahau. Nchini India kuna dawa ya meno iitwayo Meswak, ambayo kampuni ya Dabur iliipata mwaka 2005 iliponunua biashara za Balsara. Vijiti vya Pakistan hufungwa kimoja kimoja katika pakiti na kuuzwa Ghuba na Ulaya, kwa kuwa kupiga mswaki ni sunna kwa Waislamu, na mwezi wa Ramadhani wanunuzi huongezeka.

Ijumaa moja nilisimama nje ya msikiti, Dar es Salaam, nikamuuliza kijana bei ya vijiti vyake. Alikuwa amevifunga kwa mpira, havina jina, havina mahali vilikotoka, na vingine vimeanza kukauka. Hatua chache kutoka hapo, dukani, kijiti kimoja kilichotoka nje kiliuzwa kwa bei ambayo ingenunua fungu lake zima. Mmea ni ule ule. Tofauti ni karatasi, usafi na jina. Kweli, penye miti hapana wajenzi.

Tena meno ni sehemu tu ya faida zake. Matunda yake madogo huliwa, na Waturkana huyategemea wakati wa ukame. Majani yana maji na chumvi nyingi, hivyo ngamia, mbuzi na ng'ombe huyala malisho mengine yanapokwisha, ingawa inasemekana hubadili ladha ya maziwa. Mbegu zina mafuta yanayofaa kutengenezea sabuni. Huko Gujarat, India, watafiti wameupanda katika ardhi yenye chumvi ambayo mazao mengi hushindwa kuota.

Je, mkulima aache mtama wake apande mswaki? La hasha. Ninachosema ni kwamba kichaka kilichopo tayari mpakani au malishoni ni mtaji, na mtaji hauchomwi moto.

Lakini hapa pana hatari. Wanunuzi hupenda zaidi mizizi kwa sababu ni laini, na anayechimba mzizi mkuu anauza mara moja tu. Bei ikipanda kabla hatujajipanga, vichaka vitaisha na fedha itakuwa imeliwa na walanguzi. Anayekata matawi na mizizi michache ya pembeni, akaacha shina, atarudi tena msimu ujao kwa sababu mmea huchipua vizuri.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, kijiji kitumie Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, inayokiruhusu kutenga msitu wake na kuusimamia kwa sheria ndogo. Humo kiandike nani avune, wapi na kiasi gani, na mvunaji apate kibali kwa ofisa misitu. Pili, wavunaji wauze kwa kikundi: vijiti vipangwe kwa unene na urefu, vioshwe, na visifungwe vikiwa na maji kwa sababu vitaota ukungu. Pakiti iandikwe jina la kijiji na tarehe ya kuvuna. Tatu, mfanyabiashara atafute mnunuzi kabla ya kuagiza mzigo, aanze na maduka ya mijini na mfungo wa Ramadhani, kisha ndipo afikirie Ghuba.

Maofisa ugani nao wana deni. Wanapokwenda vijijini kuhimiza mazao yanayostahimili ukame, waulize pia kuhusu mimea ambayo ukame haujawahi kuishinda. Neno mswaki tunalitamka kila siku. Ni aibu kulinunua dukani likiwa limefungwa na wengine, huku kichaka chenyewe kikiteketea nyuma ya nyumba.